Rodrick Amezidiwa

Makambako,
Jumatatu, 10 Juni 2024

Wifi Zipora,

Kamwene. Natumaini kifua chako kimetulia na baridi ya Njombe haijakuonea sana.

Nakuandikia haraka. Elius, yule konda wa basi la Njombe, amesimama mlangoni na basi linapiga honi. Ningempigia Nahumu, lakini Rodrick alisafiri na simu yangu kwa kuwa ya kwake haikai na chaji, na ajalini zimesagika zote mbili. Namba za watu wote zilikuwa humo. Kichwani sina hata moja. Na wewe kwa masikio yako, barua ndiyo simu.

Lori la mbao lilipinduka jana mchana kwenye mteremko, mji ukiwa umeshaonekana. Tumempeleka hospitali hapahapa Makambako. Wifi, Rodrick amezidiwa. Nakuomba uwe na moyo mkuu. Mwambie mdogo wake Nahumu aje, aache kazi zote, asikose kabisa, maana jambo lililopo haliwezi kufanyika bila yeye. Mama huko Matamba asishtuliwe.

Fidelia yuko kwa jirani. Ameniuliza habari za baba yake, nimemwambia asali.

Mengine tutaongea mkifika.

Wifi yako,
Eveline

*

Njombe, Mjimwema,
Jumanne, 11 Juni 2024

Wifi yangu Eveline,

Barua yako nimeipata jana jioni. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Nimeelewa. Mtu mzima haandikiwi mara mbili. Mume wangu alipoondoka, mimi nami waliniambia amezidiwa. Nikapanda gari na chupa ya uji mkononi, nikafika nikakuta maturubai yameshafungwa na wanawake wameshaanza kuimba. Uji ule sijui nani aliunywa.

Pole, mdogo wangu. Pole sana. Rodrick nilimbeba mgongoni mimi, mama akiwa shambani, na leo naandika habari zake namna hii. Nimelia mpaka jirani yangu Dorosela amekuja kunikanda mabega. Sasa nimefuta machozi kwa sababu kuna kazi.

Nahumu nilimwita usiku uleule. Hakulia mbele yangu. Alitoka uani akapasua kuni zote, hata zile nilizokuwa nimeziweka za Krismasi. Leo alfajiri ameondoka kwa njia ya Kitulo kwenda Matamba. Umesema Mama asishtuliwe, na ni kweli, habari kama hii haipelekwi na jirani wala simu, anaipeleka mwana. Umesema pia kwamba jambo halifanyiki bila yeye. Ni kweli. Ndiye mwanamume aliyebaki katika nyumba ile, na pa kuchimba hapaonyeshwi na mtu mwingine. Wazee watatengeneza jeneza hukohuko kwa mbao za nyumbani, kisha atakuja nalo kumchukua kaka yake. Tumekubaliana apite kwangu twende pamoja.

Sasa nisikilize, maana wewe hujawahi kufiwa na mtu wa ndani. Usikubali atolewe wodini kwenda mochwari bila wewe kuona kwa macho. Uangalie wanamwandika nani. Hapo mjini kwenu wengine wanamwita Baba Fidelia, wengine Rodi Mbao, na wote wanajiona wanamjua. Kwenye kitambulisho ni Rodrick Sanga. Jina likiandikwa ovyo leo, utalia nalo mahakamani mwakani. Pete mvue mwenyewe. Kitambulisho chake na ufunguo wa nyumba weka kifuani, si kwenye mkoba, siku za msiba mkoba wa mjane ni wa kila mtu.

Ukitoka hapo mwone daktari akupe karatasi ya kifo. Hiyo ndiyo mama wa karatasi zote. Bila hiyo hupati kibali cha mazishi, na bila kibali mtasimamishwa njiani na maiti juani. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, nenda kwa mchungaji, na mchungaji umwambie mapema kwamba tunazika Matamba asije akaanza kupanga kwaya ya hapo.

Nguo ni ile suti ya kijivu ya harusi yenu. Na juu yake koti zito. Usinicheke. Matamba mwezi huu asubuhi nyasi ni nyeupe kwa barafu.

Fidelia mwambie wewe mwenyewe. Usimwambie baba amesafiri. Mtoto anayeambiwa baba amesafiri atachungulia kila gari linalopita. Na ule chakula, hata kama kinakwama. Mjane mwenye njaa hakatai lolote analoambiwa asaini.

Niko nawe,
Zipora

*

Makambako,
Jumanne, 11 Juni 2024, alasiri

Wifi! Wifi Zipora!

Rodrick yuko hai! Anapumua! Nimetoka kumshika mkono sasa hivi, mkono wake una joto. Mungu wangu, mmefanya nini?

Niliandika amezidiwa kwa sababu amezidiwa! Ndivyo daktari alivyoniambia na ndivyo nilivyokuandikia. Barua yako nimeisomea koridoni. Nilipofika pa suti ya kijivu nilikimbia kurudi wodini kwanza, nikadhani labda amekufa dakika ile nilipotoka na wewe umejua kabla yangu. Nikamkuta anamwomba nesi maji.

Sikiliza, naandika kila kitu sasa, sifichi tena. Bandama lake limepasuka, anavuja damu ndani kwa ndani. Lazima apasuliwe, na daktari anasema hawezi kumpasua bila kumwongezea damu, atamfia mezani. Damu yake ni O hasi, ni ya watu wachache sana. Hapa imekwisha. Wameiomba Mbeya, wanasema labda Ijumaa. Mimi wamenipima, siyo. Madereva wenzake wote wamepimwa, hakuna. Rodrick mwenyewe ndiye aliyesema, 'Nahumu tuko sawa, tulipimwa pamoja shuleni.' Ndiyo maana niliandika jambo haliwezi kufanyika bila yeye. Nilikuwa nataka damu ya Nahumu. Na nyinyi mmempeleka kuchimba kaburi!

Samahani, wifi. Sipaswi kukuandikia hivi. Neno damu nililiandika katika ile barua ya kwanza, nikachana karatasi nikaanza upya. Nilisema wifi ana presha, atasoma damu aanguke peke yake ndani na hakuna wa kumwinua. Nikatafuta maneno mapole. Laiti ningekuandikia kama muuza nyama.

Mrudishe Nahumu. Mpigieni, mfuateni, lolote. Asiende kwingine kokote, aje moja kwa moja wodi ya wanaume ya upasuaji, aniulizie mimi. Nimeshamwambia nesi, nimemwambia na mlinzi wa geti. Kila basi la kutoka Njombe mimi niko stendi kulipokea, usiache kuniandikia.

Ni mimi,
Eveline

*

Njombe,
Jumatano, 12 Juni 2024

Eveline, wifi yangu,

Masikio yangu yalikufa zamani, sikujua na macho yamefuata. Nimesoma barua yako ya kwanza tena na tena. Imeandikwa amezidiwa. Hakuna mahali umeandika kafa. Mimi ndiye niliyemuua mdogo wangu kwenye karatasi.

Lakini nani huku kwetu anaandika amezidiwa na maana yake ni amezidiwa? Nakuuliza bila ugomvi. Toka nizaliwe sijawahi kuitwa kwa mgonjwa aliyezidiwa nikamkuta anaomba maji.

Nahumu tumempigia tangu jana jioni. Dorosela ndiye anayepiga na mimi namwangalia mdomo. Haipatikani. Haipatikani. Leo asubuhi Dorosela amempata mwinjilisti wa Matamba. Anasema Nahumu alifika, Mama ameambiwa, amelala chini hataki kuinuka, na vijana wamechimba usiku kucha wakiota moto. Pikapu iliondoka kukiwa bado giza, na jeneza nyuma. Simu ya Nahumu ilizima huko kwa kukosa chaji. Mwinjilisti nilimwambia Rodrick ni mzima. Dorosela anasema aliuliza mara tatu, 'Mzima wa kusemaje?'

Basi nikatoka barabarani. Tulikuwa tumekubaliana apite kwangu, si nilikuambia? Nimesimama pale njia ya Makete, ile itokayo Matamba, inapoingia mjini tangu asubuhi na blanketi begani. Kila pikapu nimeisimamisha. Madereva wananitukana, bahati nzuri siwasikii. Nimesimamisha hata gari la parachichi. Jua limezama, Nahumu hakuna.

Sasa hivi Dorosela amenijia mbio. Mwinjilisti amepiga. Wazee waliokuwa kwenye pikapu walisema kupita Njombe ni kuzunguka, wameshukia mteremko wa Chimala washike lami ya Mbeya. Gari likawagomea kwenye kona huko chini na watalala hapohapo. Dereva mmoja aliyepanda ndiye aliyeleta habari. Kwa hiyo atakuwa kwako kesho asubuhi, kwa njia ya Mbeya, si kwa njia yangu.

Ningekuja mwenyewe kwa basi la kwanza. Lakini akigeuza mawazo akapita huku kunichukua, nani atamwambia? Narudi kusimama.

Wewe kesho usitoke wodini. Usiende stendi kufuata barua, usiende popote. Kaa mlangoni pa wodi umsubiri.

Zipora

*

Makambako,
Ijumaa, 14 Juni 2024

Wifi Zipora,

Rodrick amekufa.

Nimeliandika hivyo makusudi. Sitaki tena maneno ya kuzungukazunguka. Amekufa jana Alhamisi mchana. Nilikuwepo. Alianza kusikia baridi, nikamfunika, akasema bado baridi, nikamlalia miguuni nimpashe joto, na nesi akaniinua.

Barua yako ya kuniambia nisitoke wodini niliisomea stendi. Ningeisomea wapi? Nilikuwa nimekwenda kuifuata. Nilidhani ina habari za Nahumu yuko wapi, nimwambie daktari aandae chumba. Nikaisoma mara moja, nikapanda bodaboda kurudi. Nikauliza wodini, wakasema hajaja mtu. Nikauliza getini, mlinzi akasema hajaja mtu. Nikakaa mlangoni kama ulivyosema. Nikakaa mpaka mwisho.

Walipompeleka mochwari nilifuata, nikashuhudia kama ulivyonielekeza. Mhudumu ni mzee mpole. Nikamwambia aandike Rodrick Sanga. Akaacha kalamu akaniangalia. Akasema, 'Mama, jina hili limeshaulizwa hapa leo asubuhi.'

Wifi, Nahumu alikuja. Alikuja na pikapu na jeneza na wazee wawili. Gari lenye jeneza halipiti geti la mbele, linapita la nyuma linaloingia mochwari moja kwa moja. Kwa mlinzi niliyemwachia maagizo hakupita. Akaulizia maiti ya Rodrick Sanga wa ajali ya lori. Yule mzee akatazama, akamwambia hana mtu wa jina hilo, na hakuwa naye. Akamwambia majeruhi wengine wa ajali siku ile walipelekwa hospitali ya misheni, labda yuko huko. Nahumu akashukuru, wakageuza gari. Walikwenda kwanza nyumba yetu ya zamani, maana ya sasa Nahumu haijui, wapangaji wapya wakawaambia tumehama, nao ndio walionipa habari. Baada ya hapo sijui.

Kutoka mlango wa mochwari unaliona dirisha la wodi ya Rodrick. Nimesimama pale nikaliona. Lile pazia la bluu. Nahumu alisimama palepale na damu yote ile mwilini mwake.

Nilimwambia nesi, nilimwambia mlinzi, nilimwambia hata muuza vocha wa nje. Mochwari sikumwambia mtu. Nani angemtafuta mtu aliye hai mochwari?

Sasa nakuomba jambo moja, na nakuomba nimepiga magoti. Nahumu asijue. Lazima atafika kwako na lile jeneza, hana pengine pa kwenda. Mwambie kaka yake alikufa tangu siku ile ya barua, kwamba mwili ulikuwa kwingine, majina yalichanganywa, lolote. Ninakwenda kuzika mume. Sitaki kumzika na shemeji yangu. Unajua alivyompenda kaka yake. Akijua kwamba alifika, akageuka, atafanya kitu.

Fidelia nimemwambia mwenyewe. Sikusema amesafiri.

Eveline

*

Njombe,
Jumamosi, 15 Juni 2024

Mjane mwenzangu,

Sina machozi, niliyamaliza yote Jumanne nikimlilia aliye hai. Leo ninapoyahitaji hayaji.

Barua yako ilimtangulia Nahumu kwa kitambo kidogo tu. Amefika jana jioni, amekonda, wamezunguka hospitali tatu na jeneza tupu. Mwinjilisti aliwatafuta hakuwapata. Nikamkalisha nikamwambia ulivyosema. Kwamba alikufa Jumatatu, mwili ukahifadhiwa kwingine, jina likakosewa, sasa uko hapo Makambako. Akaniangalia sana mdomo, kana kwamba kiziwi ni yeye. Kisha akasema, 'Basi hakuteseka sana.' Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nikasema hakuteseka hata kidogo.

Mwinjilisti alikuwa bado anasubiri uhakika kabla ya kumwambia mtu, nimemwomba anyamaze. Mama hatujamwambia habari ya kufufuka wala ya kufa tena. Kwake Rodrick amekufa mara moja, inatosha.

Tunakuja kesho kumchukua. Karatasi ya kifo na kibali shika wewe, mkononi mwako. Koti ulete. Kuna jambo moja tu. Msalaba wameshaupaka rangi huko Matamba na wameandika tarehe kumi. Tuuache hivyo. Mungu anajua kuhesabu.

Zipora

*

Njombe,
Jumatano, 3 Julai 2024

Wifi Eveline,

Umeondoka Matamba bila kuaga vizuri na sikulaumu. Nyumba ile ilikuwa imejaa pumzi za watu.

Sasa usilale. Cheti cha kifo kifuatilie wewe, usimtume shemeji wala rafiki wa marehemu. Ukoo ulikaa kikao Jumapili baada ya ibada, muhtasari umeandikwa na wote wametia sahihi, utaupeleka Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Mbao zilizobaki Makambako usimruhusu mtu azibebe kwa maneno ya kwamba Rodrick alimwahidi. Wafu huwa wanaahidi sana wakishazikwa.

Lakini hilo silo lililonifanya nichukue kalamu. Kikaoni wazee walimteua Nahumu awe msimamizi wa mirathi. Ndiyo ilivyotazamiwa na hakuna aliyepinga. Nahumu akainuka. Dorosela alikuwa karibu yangu akiniandikia kwenye kiganja. Nahumu alisema, 'Chagueni mtu anayewahi.' Akakaa.

Wazee walidhani ni unyenyekevu, wakamsifu. Mimi moyo uliniruka. Nilimtazama usoni, akatazama chini. Tangu siku hiyo hajarudi Njombe. Amebaki Matamba kwa Mama, hali na watu. Wamekuchagua wewe uwe msimamizi, na hilo ni jema, lakini mimi nalala na hofu. Nani amemwambia? Mwinjilisti ameapa si yeye.

Kama umemwandikia, niambie.

Zipora

*

Matamba,
Jumanne, 9 Julai 2024

Shemeji Eveline,

Nasikia una simu mpya. Ningekupigia, lakini sauti yangu siiamini siku hizi.

Wewe na dada mlifanya mambo kwa huruma, nawashukuru. Ila mlisahau kitu kimoja. Mlinituma kwa mtu yuleyule. Siku ile tulipokuja kumchukua kaka, wewe ulikuwa ofisini unafuata kibali, mimi nikaingiza gari kwa geti la nyuma. Yule mzee wa mochwari akanijua kabla sijashuka. Akaniambia, 'Pole sana, kijana. Siku ile ulipoondoka hazikupita saa nyingi, ndugu yako akaletwa kutoka wodini.' Aliniambia kwa wema tu. Alidhani ninajua.

Nikamwosha kaka yangu mwenyewe, wazee wakanisaidia kumgeuza. Alama ya sindano mkononi ilikuwa bado mbichi. Baadaye nilimuuliza nesi mmoja kwa nini hakupasuliwa. Akaniambia kuhusu damu. Akaniambia kundi.

Nimevumilia matanga, nimevumilia kikao. Jana nilipanda kaburini na kopo la rangi. Nimefuta tarehe kumi nikaandika tarehe kumi na tatu. Mama akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia walikosea. Hilo lisikuudhi. Siwezi kupita pale kila siku nikasoma kwamba nilipofika alikuwa ameshakufa.

Mimi sitajidhuru, mwambie dada aache kulala macho. Nitamlimia Mama. Lakini nina swali moja ambalo ni wewe tu wa kulijibu, na nakuomba usinionee huruma. Kaka alijua kwamba nilikuja nikageuza?

Shemeji yako,
Nahumu

*

Makambako,
Ijumaa, 12 Julai 2024

Shemeji Nahumu,

Hakujua. Ningekuwa bado nakuonea huruma ningeandika jibu refu kuliko hilo. Hakujua ulikuja, na mimi sikujua, hadi nilipomfuata mochwari.

Umefanya vizuri kubadilisha tarehe. Mimi ndiye niliyeomba ufichwe. Dada yako alinikubalia tu, kwa hiyo hasira zako zote zilete huku. Neno lile la kwanza pia ni langu. Nililiandika mimi, nikiogopa kuandika damu. Kila asubuhi nikiamka naliandika upya kichwani, naliandika sawasawa, na wewe unapanda basi la Makambako.

Lakini kuna jambo umenikumbusha. Alhamisi ile asubuhi, kabla sijatoka kwenda stendi, Rodrick aliamka. Alikuwa na akili zake zote. Akaniuliza, 'Nahumu yuko wapi?' Nikamwambia uko njiani, unatoka Matamba. Nilidhani nampa moyo tu, sikuwa nimepata habari mpya yoyote, ila ulikuwa njiani kweli. Akafikiri kidogo, unajua alivyokuwa akiwaza barabara. Akasema, 'Basi mwambie asikimbize gari. Ule mteremko wa Chimala si wa kuwahi. Mimi nitamsubiri.'

Ujumbe huo ulikuwa wako, alinipa nikupe ukifika. Nimechelewa kukufikishia.

Shemeji yako,
Eveline